Mahali pa Kuingilia Fedha

Mezani kwangu, hapa Mikindani, huwa pana sinia la bati lenye maji ya mtungi, na juu ya maji hayo huelea vitu vidogo vya rangi ya manjano ambavyo mgeni akiingia huvidhania kuwa mabaki ya sabuni ya mche. Ni maumbo ya nta. Moja ni kichwa cha kasa kinacholingana na ukucha wa kidole gumba, jingine ni pete iliyozungushiwa msuko wa ukili, na jingine ni bibo ambalo korosho yake inaning'inia chini kama ilivyo mtini. Hakuna hata moja litakalofika mikononi mwa mnunuzi, kwa sababu umbo la nta huzikwa ndani ya jasi, likachomwa mpaka likatoweka lote, na fedha iliyoyeyushwa ikamiminwa katika tundu lililobaki. Huu ni mwaka wa tisa tangu nianze kazi hii, na karibu nusu ya miaka hiyo niliipoteza kwa kudhani kwamba umbo la nta ni sanamu ndogo, na kwamba likishapendeza machoni basi kazi imekwisha. Nimeona niandike jinsi nilivyoachishwa dhana hiyo, kwa kuwa vijana wawili watatu wameniuliza habari za kusubu fedha na kila mara nimejikuta nikieleza habari za moto, hali matatizo yao yote yako kwenye nta.

Dhana yenyewe niliirithi kwa mjomba. Kwetu Wamakonde ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mtoto wa dada yake, kwa hiyo nilipomaliza darasa la saba hakuna aliyeuliza nikajifunze kazi kwa nani. Mjomba alikuwa amerudi Newala baada ya miaka mingi ya kuchonga vinyago Mwenge, Dar es Salaam, na alinipokea kwa tezo, patasi mbili na gogo la mpingo ambalo sikuweza kulinyanyua. Mpingo ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na moyo wake mweusi humezwa na tabaka jeupe la nje ambalo lazima uliondoe kwanza ndipo ujue una kitu cha ukubwa gani. Alikuwa na amri mbili. Ya kwanza ni kwamba kilichotoka hakirudi: ukikata pua ya mzee unayemchonga, mzee huyo itabidi ageuke kuwa mnyama, na vinyago vingi vya ajabu ambavyo watalii walivisifia pale Mwenge, kwa maneno yake mwenyewe, vilianza kama pua zilizokatika. Amri ya pili ni kwamba kinyago hakina mgongo. Kila upande uchongwe kana kwamba ndio utakaotazamwa, hata upande wa chini ambao utakaa juu ya meza mpaka kiama.

Nilikaa naye miaka minne, kisha nikashuka Mtwara mjini kujifunza kwa sonara mmoja, na kwake nikakutana na fedha. Yeye alikuwa mfuaji na msukaji wa waya. Kusubu alikufanya kwa nadra, tena kwa kutumia mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi ambao bahari huutupa ufukweni: huukata vipande viwili, hukandamiza pete ya zamani katikati, huitoa, kisha hufunga vipande kwa waya na kumimina. Ni njia nzuri na ya haraka, ila mfupa huacha mistari yake juu ya fedha, tena hauwezi kubeba umbo lenye mashimo, mikunjo ya ndani au sura inayotazama pande zote. Nilipomwonyesha kichwa kidogo cha mpingo nikamwuliza kama kinaweza kuwa cha fedha, alinijibu kwamba hicho ni cha nta, na kwamba nta hakuijua vizuri, nikatafute mwenyewe.

Katika kutafuta niligundua kwamba Waafrika wenzetu walikwisha kuifanya kazi hii zamani sana. Waakani wa Ghana walisubu kwa nta mawe ya mizani ya shaba ya njano kwa ajili ya kupimia vumbi la dhahabu, mengi yakiwa madogo kama njugu, na baadhi hawakuyachonga kabisa: walichukua mbawakawa au ganda la karanga, wakalifunika kwa udongo, wakalichoma, wakamimina shaba mahali pake. Nilipolisoma hilo nilikimbilia korosho. Nilichukua korosho ghafi, ndogo kuliko zote nilizopata, nikaizika kwenye jasi na kuichoma, na nilichopata ni moshi mkali uliotoa machozi nyumba nzima, maana ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi na kushika moto upesi, na mwishoni tundu lilikuwa limejaa majivu. Fedha ilitoka na mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nta safi, kinyume chake, huondoka yote bila kuacha majivu ya kusumbua, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuitumia.

Nta yangu hutoka Liwale na Nachingwea, kwa watu wanaorina asali kwenye misitu ya miyombo. Huja ikiwa masega meusi yenye miguu ya nyuki na vipande vya magome. Naichemsha ndani ya maji, naichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, naiacha ipoe usiku kucha, na asubuhi nakuta mkate wa nta umeelea, takataka zimeganda chini yake. Nazikwangua na kurudia mara ya pili. Lakini nta ya nyuki peke yake ni laini mno kwa kuchongwa. Mzee mmoja jirani alinishauri niichanganye na sandarusi, ule utomvu wa mti uliokauka ukawa mgumu, kwa sababu katika karne ya 19 sandarusi ya pwani hii ilisafirishwa mpaka Marekani na Ulaya kutengenezea vanishi, naye aliamini kwamba kitu kilichopendwa na Wazungu kiasi hicho hakiwezi kushindwa kuikaza nta. Nilikaa na sufuria juu ya mkaa tangu adhuhuri mpaka alasiri. Nta ilifika mahali pa kufuka moshi na sandarusi ikabaki chini kama kokoto, kwa kuwa sandarusi huhitaji moto mkali ambao nta haiwezi kuuvumilia. Mchanganyiko niliotulia nao ni sehemu sita za nta ya nyuki, sehemu tatu za mishumaa ya kawaida ya dukani, na sehemu moja ya utomvu mkavu wa msonobari. Mishumaa huifanya ikatike bila kuvutika, na utomvu huipa ugumu.

Ipo pia nta ya kiwandani ya kuchongea, ambayo huuzwa kwa rangi ya kijani, zambarau na buluu, na ya kijani ndiyo ngumu kuliko zote, hukatwa kwa msumeno na kupigwa tupa kama mbao. Naitumia kwa pete, kwa sababu pete inataka kingo na vipimo. Kwa sura ya mtu au ya mnyama naiona haina uhai, ingawa najua mafundi wakubwa kuliko mimi watanikatalia.

Adui wa nta huku kusini ni joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini hulainika mapema sana kabla ya hapo, na mkono wa mtu peke yake unatosha kuikunja. Kuanzia Novemba mpaka Machi, ikifika saa nne asubuhi vidole vyangu vinaacha alama kila vinapogusa, na ndiyo maana sinia la maji haliondoki mezani: nachonga kwa muda wa kusema Fatiha mara tatu, nalichovya umbo, nalifuta, naendelea. Kazi ya kina naifanya alfajiri, baada ya swala, kabla bati la paa halijaanza kupasha. Mwaka mmoja nilibeba nta yangu yote nikapanda nayo Newala mwezi wa Julai, kule juu ambako usiku watu hulala na blanketi, na nta ilikatika kama chaki. Lakini huwezi kuwaambia wateja wa Mtwara wasubiri baridi ya Newala.

Vyombo vyangu ni vya kuokoteza. Nina wembe, nina kijiti cha chelewa kilichochongwa kama kijiko cha kuchokolea masikio, nina vyuma viwili vya daktari wa meno vilivyokatika ncha, na juu ya vyote nina shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia ya korosho, ambayo nimeipachika kwenye kipande cha mpingo ili isiniunguze. Naishika shazia kwenye ulimi wa kibatari kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, naigusisha kwenye kipande cha nta pembeni, na tone dogo hupanda kwenye ncha na kukaa pale likitetemeka. Nikilipeleka haraka kwenye umbo na kuligusa, tone hushuka lote na kuganda likiwa duara, na hilo linaweza kuwa jicho, ushanga, au ncha ya pua. Ncha ikiwa ya moto kupita kiasi, tone hutawanyika na kuyeyusha kilichokuwa chini yake. Ikiwa imepoa, tone hukwama na kuacha mkia. Mkia huo ndio ulionifunza kwamba amri ya kwanza ya mjomba haina nguvu hapa. Pua ikikatika kwenye nta, unaweka tone jingine na pua imerudi.

Uhuru huo uliniharibu kwa muda. Kwa kuwa kila kosa lingeweza kusahihishwa, niliacha kufikiri kabla ya kukata, na nilikuwa naongeza nta mahali popote paliponitia shaka, mpaka maumbo yangu yakawa manene kama viazi. Sikuona ubaya wake, kwa sababu nta haina uzito wa kumshtua mtu. Mizani ndiyo iliyoniamsha.

Mwanzoni mwa Novemba mwaka juzi, minada ya korosho ikiwa imeanza na malipo ya wakulima yameanza kuingia benki, alikuja mama mmoja kutoka Tandahimba. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi na kuvua ushungi wa juu kwa ajili ya joto. "Fundi, mwanangu anamaliza chuo mwezi huu," alisema. "Nataka umtengenezee kidani cha bibo. Siyo korosho peke yake. Bibo na korosho yake, maana ada yote imetoka hapo." Nilifurahi kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniagiza kitu ambacho kila mtu wa Mtwara anakijua, na ambacho sikuwahi kukiona kwenye vidani. Bibo ni umbo gumu kuliko linavyodhaniwa. Halina mviringo kamili: juu, penye kikonyo, limebonyea kidogo, linapanuka kuelekea chini, kisha linakatika ghafla, na hapo ndipo korosho imening'inia kwa kiungo chembamba, mgongo wake ukiwa nje na tumbo lake likijikunja kama mtoto aliyelala. Nilikwenda kwenye mkorosho wa jirani, nikachuma mabibo matatu, nikayaweka mezani na kuyatazama mpaka nzi wakaja.

Umbo la kwanza lilinichukua asubuhi tatu, nami nikaliona zuri. Nililipima: gramu 2.8. Fedha ninayoitumia ni ya kipimo cha 925, yaani katika kila sehemu 1,000 sehemu 925 ni fedha halisi na zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu, na fedha hiyo ina uzito wa karibu mara 11 ya nta ya nyuki kwa ujazo uleule. Kidani cha yule mama kingekuwa na gramu 30. Reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa yenye mwaka 1780 ambayo mabibi zetu wa pwani walikuwa wakiitoboa na kuivaa shingoni, ina gramu 28 tu na ushei. Nilikuwa nataka kumtundika binti wa watu zaidi ya reale nzima kwenye mkufu mwembamba, na kumdai mama yake fedha ambayo hakuna mtu angeiona, kwa kuwa yote ilikuwa imejificha tumboni mwa bibo.

Kwa hiyo nilianza kulichimba kutoka nyuma. Nilikunja waya mwembamba kuwa kitanzi, nikaupasha, na kila ulipopita ulitoka na nyuzi ya nta. Hii ni kazi ya kutumia mwanga. Unaliinua umbo mbele ya dirisha, na penye unene nta inabaki ya rangi ya asali nzito, penye wembamba inakuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na pakianza kung'aa kama ngozi ya sikio la mtoto juani, simama hapo hapo, umefika chini ya milimita moja na fedha huenda isipite. Nilipomaliza, bibo lilikuwa ganda na korosho ilikuwa kijiko. Gramu 1.1. Kwa fedha, gramu 12 hivi.

Baada ya hapo nilibandika mrija. Mrija ni kijiti cha nta kinachounganisha umbo na sehemu ya nje ya kopo la jasi ambamo umbo huzikwa, na nta yote ikishachomwa, kijiti hicho ndicho kinachokuwa mlango wa fedha. Niliubandika kwenye kikonyo. Kilikuwa kimekaa juu, kilikuwa tayari kina sura ya mrija, na baada ya kusubu ningekata tu na kupiga msasa kidogo bila kugusa uso wa bibo. Kwa jicho la mchongaji hapakuwa na mahali pengine. Fedha iliingia kupitia kikonyo, ikajaza bibo, ikafika kwenye kile kiungo chembamba nilichokifanya chembamba kwa sababu ndivyo kilivyo mtini, ikapoa hapo. Nilipovunja jasi, korosho ilikuwa imetoka nusu, kama mwezi wa siku tatu, na upande wa juu wa bibo ulikuwa na vishimo vidogo vidogo vilivyokwenda ndani.

Vishimo hivyo vina maelezo yake. Fedha hunywea inapoganda, na kila sehemu inayoganda huvuta fedha kutoka sehemu ambayo bado ni majimaji. Mlango ukiwa mwembamba, unaganda kwanza na kujifunga, na sehemu nene iliyo ndani inabaki ikinywea bila kupata pa kuvuta, ndipo inapojitafuna yenyewe. Kwa hiyo mrija huwekwa mahali penye unene kuliko pote, nao wenyewe uwe mnene usiopungua hapo, ili uwe wa mwisho kuganda. Nilikuwa nimeuweka mahali pembamba kuliko pote. Na kwa kuwa nta ilikuwa imekwisha kuungua, asubuhi zangu tatu za kuchonga na mbili za kuchimba zilikuwa zimeondoka pamoja nayo. Kwa vitu vya kurudiwarudiwa fundi hutengeneza kwanza kalibu ya mpira ambayo inatoa nta nyingi za sura moja, lakini kwa kitu cha mtu mmoja naona ni gharama isiyo na maana, na msimamo huo sijaubadilisha hata baada ya bibo.

Umbo la pili liliharibiwa na umeme, nami sitalisimulia kwa urefu. Itoshe kusema kwamba kopo la jasi hupandishwa moto polepole: kwanza hukaa karibu na nyuzi 150 likiwa limepinduliwa, mdomo chini, nta idondoke, kisha hupanda kwa saa kadhaa mpaka nyuzi 730 hivi, na usizidishe sana hapo, kwa sababu jasi ikiunguzwa kupita kiasi huanza kutoa salfa ambayo huitia fedha weusi. Baada ya hapo hushushwa mpaka karibu 500 ndipo umimine. Umeme ulikatika saa ya tano, ukarudi usiku wa manane, na jasi iliyopoa katikati ya safari ilikuwa imepasuka nyufa zisizoonekana. Fedha ilijaza nyufa zote. Bibo langu lilitoka na mapezi kila upande, kama chewa.

(Kwa wanaotaka kujaribu: jasi ya dari haitoshi. Ingawa jasi tunayo, huchimbwa hapo Kilwa, jasi tupu hunywea na kupasuka kwenye moto mkali, kwa hiyo ya kusubia huchanganywa na silika. Vumbi la silika huingia mapafuni na halitoki; vaa barakoa wakati wa kupima unga, na usiruhusu watoto wacheze karibu.)

Umbo la tatu nililichonga huku nikianza na swali ambalo nilipaswa kuanza nalo siku ya kwanza, nalo ni kwamba fedha itaingilia wapi na itapita wapi kufika kila pembe. Nilichonga nyuma kwanza. Kwenye ukingo wa ndani wa lile ganda la bibo, pale ambapo hapaonekani likivaliwa, niliacha uvimbe wa nta mnene kidogo kwa ajili ya mrija mmoja, na kwenye tumbo la korosho nikaacha mwingine kwa ajili ya mrija wa pili, kisha nikaikutanisha mirija yote miwili kwenye shina moja kama panda ya manati. Kiungo kati ya bibo na korosho nilikinenepesha kwa kukipa mkunjo upande wa nyuma, ambao kwa mbele hauonekani. Mbele nilipachonga mwisho, na kusema kweli palichukua asubuhi moja tu, kwa sababu yaliyobaki yalikuwa mapambo. Kabla ya kuzika nililipaka umbo zima jasi laini kwa brashi ya manyoya, kila mkunjo, kwa kuwa kiputo cha hewa kikigandamana na nta hugeuka punje ya fedha, na punje ikikaa ndani ya mkunjo wa korosho hakuna tupa inayoifikia.

Nilimimina kwa mashine ya kuzungusha niliyoinunua kuukuu Kariakoo, ambayo spring yake hulirusha kopo kwa kasi na fedha ikasukumwa mpaka mwisho. Nilisubiri wekundu uishe kwenye kitako cha fedha, nikalitumbukiza kopo kwenye ndoo, na jasi ikachemka na kumeguka ndani ya maji kwa kelele kama ya mafuta ya maandazi. Nilipapasa chini ya ndoo. Bibo lilikuwa zima, korosho ilikuwa nzima. Nilikata mirija, nikalichemsha kwenye maji ya ukwaju kuondoa weusi wa shaba, nikalipiga msasa, na hapo nikaona kitu ambacho kwenye nta sikukiona: ndani ya ganda, upande wa nyuma, palikuwa na alama ya kidole changu gumba, mistari yote ikihesabika. Nta huichukua alama yoyote na fedha huirudisha ilivyo. Nilitaka kuifuta, lakini ukuta pale ulikuwa na milimita 0.9 tu, nikaogopa kutoboa. Yule mama alilipokea, akaligeuza mbele na nyuma, akalifunga kwenye pindo la kanga. Sijui kama aliona.

Bei tuliigombania, kama kawaida. Mteja huuliza kwanza, "Ni gramu ngapi?", na nikimtajia gramu 12 anazizidisha kwa bei aliyoisikia kwa sonara mwingine, na kiasi kinachozidi hapo anakiona ni tamaa yangu. Lugha yenyewe haituachii nafasi: fedha ni madini na fedha ni pesa, na mtu anayenunua fedha kwa fedha anadhani anabadilisha noti. Siku hizi nawaonyesha umbo la nta kabla ya kulizika, nawapa mkononi walipime. Wengine huelewa, wengine huuliza kwa nini wasiuziwe hilo la nta kwa bei nafuu.

Mwezi uliopita mjomba alishuka kutoka Newala kuja kutibiwa macho, akalala kwangu siku nne. Nilikuwa sijawahi kumwonyesha kazi ya nta. Kila nilipopanda Newala nilimpelekea kitu kilichokwisha kuwa fedha, naye alikigeuza na kukiweka chini bila neno. Siku ya pili alikaa mezani, akachukua kichwa cha kasa kutoka kwenye sinia, akachukua na wembe, na kabla sijasema chochote alikikaza kidoleni kama anavyokaza mpingo. Shingo ikakatika. Alikaa na kichwa kiganjani, uso umemshuka, kwa sababu kwa hesabu zake alikuwa ameharibu kazi ya mtu.

"Nisamehe, mpwa wangu."

"Hapana neno, mjomba. Nipe."

Nilipasha shazia, nikapitisha ncha kati ya kichwa na kipande cha shingo kilichobaki, nta ya pande zote mbili ikalegea na kushikana, nikachovya kwenye maji na kumrudishia. Aliivuta shingo kidogo, kwa kuogopa. Kisha akaiangalia shazia, akaiangalia nta, na baada ya kimya kirefu akasema, "Mti haujawahi kunifanyia hivi," akaomba apewe donge lake.

Alichonga siku mbili zilizobaki, alfajiri na jioni, macho yakiwa karibu kugusa nta. Aliacha uso wa bikizee usiozidi urefu wa sentimita mbili na nusu: mdomo wa juu una ndonya, lile pambo la kupachikwa mdomoni, mashavu yote mawili yana nembo za zamani zilizochanjwa mstari kwa mstari, na nywele zimesukwa kuzunguka kichwa chote mpaka kisogoni, kila usuko na njia yake. Hata chini ya kidevu, mahali ambapo mtu wa nta angepaacha patupu, ameweka viganja viwili vimekishika, na vidole vyote kumi vina kucha. Umbo lina gramu 1.9. Limo kwenye sinia mpaka sasa, nami hulitoa kila asubuhi na kuligeuza pande zote nikitafuta pa kubandika mrija, na bado sijapaona.